Kidumu cha Maman Sezaria

Rosine,

Nina hasira na wewe, na ninaanza na hilo usije ukalitafuta katikati ya maneno matamu. Maneno matamu hayapo. Umenitia aibu mbele ya kilima kizima, siku ya sherehe ya kukuaga wewe mwenyewe, sherehe niliyokuandalia kwa mikono yangu. Kisha ukachukua mwavuli wangu ukamsindikiza yule mama kwake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwavuli wangu, Rosine!

Sasa ni saa kumi za jioni. Wageni wameondoka, mvua imeshika, Maman yako yuko nyuma anaosha masufuria na hanisemeshi. Mimi nimekaa mezani, na mbele yangu kuna kile kidumu cha njano cha lita tano alichokuja nacho Maman Sezaria. Kimejaa mutobe, maji matamu ya ndizi zake, mpaka shingoni. Kimepungua kikombe kimoja tu, na kikombe hicho ulikinywa wewe.

Na mlangoni, kabla hujafungua mwavuli, uliniambia maneno ambayo bado yananichoma masikioni: "Papa, kesho minaenda. Kama haujasema, sirudi hapa. Maman nitamupigia simu, lakini mu hii nyumba sirudi." Ulisema polepole, bila kupandisha sauti, ukatoka. Muntu wa miaka ishirini anamwambia baba yake hivyo, halafu anauliza kama kuna matope njiani!

Naandika kwa sababu nikisema nitapiga kelele, na nikipiga kelele wewe utanyamaza, na kunyamaza kwako ndiko kunakoniua. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho masista wa Uvira walichonifundisha kushikia kalamu. Kinyarwanda changu cha kuandika unakicheka tangu uko darasa la tatu. Hasira ikipanda kitatoka Kiswahili cha barabarani, utanivumilia. Huko Nairobi watakucheka nacho pia, waache wacheke, kilikukuza.

Mambo ya safari sitayagusa. Maman yako ameshakwambia ya blanketi, ya vidonge vya malaria, ya kutokunywa kitu cha muntu usiyemjua ndani ya basi. Nilimsikia akisema hilo la mwisho asubuhi hii, na nikamwona akisita katikati, kwa sababu naye alikumbuka nani atakuja mchana na kidumu. Lakini alimaliza sentensi yake. Sisi huku tunamaliza sentensi zetu hata zikiwa mbaya.

Nianze na haya masomo yako. Barua ya burse, ya kukulipia chuo, ilipofika nilicheka, unakumbuka. Biolojia naijua, nikasema, ni vyura na majani. Lakini biolojia ya mifumo, mifumo gani? Mfumo wa maji? Mfumo wa serikali? Ukanifungulia kompyuta ya kuazima ukanionyesha nukta na mistari, nukta na mistari, mpaka macho yakaniuma. Nikakuambia, mtoto wangu anavuka nchi mbili kwenda kujifunza kuchora utando wa buibui. Ukacheka na wewe, ukaniambia jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile. Ulisema: "Papa, ukitaka kujua juu ya nini hii nyumba haina amani, utamupima Maman damu? Hapana. Utaangalia nani anaambia nani nini, na nani ananyamaza." Ukasema ndani ya chembe hai moja ya jani la mgomba ni hivyo hivyo, hiki kinaamsha kile, kile kinazuia hiki, na ukikitoa kimoja ukakiweka mezani peke yake hutaelewa kitu. Nikakuuliza, na hiyo umejifunza wapi? Ukaniangalia. Ukasema, "Hapa."

Nilitoka nje kwa hasira siku ile, nikasingizia ng'ombe. Ulijua sikuenda kwa ng'ombe.

Haya. Leo nitaandika yale ambayo sikuyasema, na nitayaandika yote, kwa sababu wewe unajua mistari lakini hujui yaliyokuwa ndani ya kichwa cha aliyeshika panga.

Tuliporudi kutoka Kongo na kupewa kipande hiki hapa Rwimbogo, nilikuwa si kitu. Waliniita "Mukongomani", mimi, niliyekuwa nikipigwa kule Uvira kwa kuwa Mnyarwanda! Nikipita walinyamaza. Nilikuwa sina ng'ombe, sina shemeji, sina hata jina la babu ambalo wangelitambua. Nilichokuwa nacho ni mkono. Baba yangu alinifundisha kusafisha mgomba, kutoa majani makavu, kupunguza machipukizi, kukata lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu ili ndizi zinenepe. Siku moja nilimsafishia jirani Gaspari shamba lake kwa wema tu, na mkungu uliofuata ulimshinda kubeba. Kuanzia hapo kila nyumba ikaniita. Walisema nina mkono mwepesi. Na wewe unajua desturi, muntu wa mkono mwepesi halipwi, ananywa wa kwanza. Mwenye shamba anaonja kasiksi, pombe yake ya ndizi, mbele ya watu ili ionekane haina sumu, halafu mrija unakuja kwangu, kabla ya wazee, kabla ya mkuu wa mudugudu, kijiji chetu. Mimi, Mukongomani. Rosine, hujui utamu wa mrija ule. Haukuwa utamu wa pombe.

Halafu akaja agronomu, bwana shamba, na mafunzo ya kirabiranya, ugonjwa wa kunyausha migomba. Alitukusanya siku tatu, akatuonyesha mgomba mgonjwa, majani ya njano yamelegea kama yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Akakata shina, tukangoja kidogo, ukatoka usaha wa njano. Akasema ugonjwa unatembea na wadudu wanaokuja kwenye ua, lakini zaidi unatembea na panga. Ukimaliza shina moja, choma panga motoni kabla ya kugusa lingine. Na ua usilikate kwa chuma, livunje kwa kijiti chenye panda. Nilielewa vizuri kuliko wote. Nikapewa karatasi yenye muhuri. Maman yako aliitundika ukutani, hapo nyuma ya mlango.

Sasa niambie, wewe unayekwenda chuo kikuu: nitawashaje moto katikati ya shamba la muntu? Umealikwa, mwenyeji amevaa shati safi, kasiksi iko kivulini, na wewe unakusanya kuni unachoma panga mbele ya migomba yake. Ni kumwambia, shamba lako chafu, una ugonjwa, nakuogopa. Hapa kwetu hiyo ni matusi. Ni sawa na kukataa kunywa baada ya mwenyeji kuonja. Kwa hiyo nilikuwa nachoma panga nyumbani asubuhi, moja tu, halafu nazunguka nalo kutwa nzima. Nikajidanganya kwamba moto wa asubuhi unatosha. Njo vile nilifanya, mimi mwenye karatasi ya muhuri.

Na kuna siku moja. Hii hukuichora, kwa kuwa hakuna aliyeiona. Nilikuwa kwa Gaspari, wiki ile walipokuja watu kumposa binti yake. Shamba limepambwa, wageni wako njiani. Nikakata shina lililokuwa na jani moja limelegea, na nilipogeuka kuangalia tena nikaona usaha. Wa njano, Rosine. Ulikuwa unatoka polepole. Nilijua. Sikuwa na shaka hata kidogo. Gaspari alikuwa amesimama nyuma yangu na kibuyu, anacheka, ananiambia, "Papa Rosine, fanya haraka, bageni batafika!" Nikachukua jani kavu, nikafuta panga, nikalitupa lile jani, nikacheka na mimi. Halafu nikahamia shina la pili. Kesho yake nilikuwa kwa wengine, na kesho kutwa kwa wengine tena.

Unataka kujua nilichofikiri? Nilifikiri, nikisema sasa hivi nitaharibu posa. Nilifikiri, wataniita Mukongomani tena. Hayo tu. Hakukuwa na kitu kikubwa zaidi ya hapo, na hasira niliyo nayo leo ni kwamba hata sababu yangu ilikuwa ndogo.

Ugonjwa ule una subira. Ulijificha wiki kadhaa, halafu ukatokea huku na huku, nyumba nane, na yetu ya tisa. Tuling'oa, tukafukia, tukalia. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, ulinisaidia kuchimba mashimo. Hakuna aliyenishuku kwa kuwa na mimi nilikuwa nafukia. Upande huu wa kilima lilibaki shamba moja tu la kijani, la Maman Sezaria.

Unajua kwa nini lilibaki. Mjane, amekuja kuolewa hapa kutoka ng'ambo ya mto, Kinyarwanda chake kina Mashi ndani, lugha ya kwao, watoto wameenda, hana ndizi za kutosha kutengeneza kasiksi ya kuita watu kazini. Asiyekuwa na kasiksi haendewi. Mkono wangu mwepesi haukufika kwake hata siku moja, kwa sababu hakuwa na mrija wa kunipa. Na kwa kuwa mikono yake haifiki juu, maua yake anayavunja kwa kijiti chenye panda, kama alivyofanya mama yake. Tulimwacha peke yake, na hilo ndilo lililomwokoa.

Lakini watu hawakuliona hivyo. Baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya kilima, tukakaa chini kwa kikao, watu wamechoka, wana njaa, wanataka jina. Mmoja akasema ni adhabu ya Mungu. Mwingine akasema ni mbolea. Halafu Gaspari akasema, "Papa Rosine, weye njo ulisoma mambo ya ndizi. Unasema nini?" Wote wakanigeukia.

Sikusema ni mchawi. Mimi ni mjanja kuliko hapo. Nilisimama nikasema: "Mujiulize tu, juu ya nini za ule mama zinabaki kijani?" Nikakaa.

Sentensi moja. Haikuchukua hata muda wa kukohoa. Na iliwatosha. Tangu siku ile hakuna aliyekunywa kitu cha Maman Sezaria. Kikombe chake kanisani kikawekwa kando. Viazi vyake hakuna anayevinunua hapa kilimani, anavibeba mpaka masoko ya mbali ambako hawamjui. Alipougua, mlango wake ulikaa wiki mbili bila muntu kubisha, isipokuwa wewe, uliyekuwa unampelekea maji kwa siri ukidhani sijui. Nilijua. Nilikuwa naona ndoo inatoka imejaa na inarudi tupu bila maji kuongezeka jikoni. Sikukukataza, na sikwenda. Nilifanya hivyo hivyo kwa kila kitu.

Halafu ukaja na karatasi yako.

Mwalimu wenu wa biolojia alikuwa amewapa kazi ya likizo: chagueni ugonjwa mmoja, muonyeshe unavyotembea. Wenzako wote walichora mbu. Wewe ukapita nyumba kwa nyumba na daftari, unauliza: nani alifanya kazi kwenye ndizi zenu, siku gani, jani la kwanza lililegea lini? Watu walikujibu kwa furaha, mtoto wa Papa Rosine, mtoto mwenye heshima. Ukachora nukta kumi, kila nyumba nukta yake, na mishale yenye siku. Mishale yote ilitoka kwenye nukta moja. Na pembeni, chini kabisa, nukta ya Maman Sezaria, haina mshale wa kuingia wala wa kutoka.

Kinachonikata maini mpaka leo ni kwamba hukuja kunishtaki. Ulikuja mbio! Ulikuja na furaha usoni, "Papa, Papa, nimepata! Angalia, si yeye! Ugonjwa haukufikaga kwake juu hakuna njia!" Ulifikiri nitafurahi. Ulifikiri baba yako, mwenye karatasi ya muhuri, ataangalia, atasema ehe, kweli nilikosea, twende tukawaambie watu. Mtoto wa miaka kumi na sita alinipa mlango wazi, akaniamini kwamba nitapita.

Nikakupiga kofi. Nikaichana karatasi vipande vipande nikasema, "Batoto ba siku hizi, munafikiri kalamu njo inalima?" Ulishika shavu. Hukulia. Ulisema kitu kimoja tu: "Lakini Papa, Maman Sezaria hakufanya kitu." Shuleni ukapeleka mbu. Ukapata alama nzuri, kwa mbu.

Sasa hasira yangu na wewe ni hii, ipokee: miaka minne! Miaka minne umenipikia chai, umenifulia shati, umesoma kwa mshumaa umeme ukikatika, umekwenda kufanya kazi kwenye ile laboratware, maabara ndogo ya Kamembe, na kurudi kila Ijumaa na mkate, na hukunitamkia. Kwa nini hukunipigia kelele? Kwa nini hukumwambia Gaspari? Ungenisema kwa padri, ungenisema kwa mkuu wa mudugudu, ungeniandika ukutani kwa makaa! Yule mama amezeeka miaka kumi ndani ya minne, na wewe ulikuwa na jibu kichwani.

Nimeandika hapo juu na nimekaa nikasoma, na nimeona upumbavu wangu. Nilikupiga kofi nikakufundisha kunyamaza, halafu leo nakuuliza kwa nini ulijifunza vizuri. Sifuti. Nataka uone jinsi ninavyofikiri, ili huko uendako ukikutana na muntu wa namna hii umtambue mapema. Atakuwa muntu mzuri. Atakuwa anapendwa. Mashamba niliyoyaua yalikuwa ya wale walionipenda, ndio walioniita. Siku moja na wewe utakuwa na karatasi ya muhuri, kubwa kuliko yangu, na utaona usaha mahali ambapo watu wamevaa mashati safi wanakungojea ucheke. Sijui utafanya nini. Mimi nilifuta panga kwa jani.

Turudi kwa leo, kwa kuwa leo ndipo nilipozidisha.

Wiki iliyopita uliposema, "Papa, minamualika Maman Sezaria," nilipaza sauti mpaka kuku wakakimbia. Nilisema wageni wataondoka, nilisema unanitafutia maneno. Kweli nilikuwa naogopa kitu kimoja, kwamba akija na kitu mkononi atanipa mimi, baba wa nyumba, na itabidi ninywe au nisinywe mbele ya wote.

Na alikuja. Amevaa kile kitenge cha bluu, amejitwisha kidumu, jasho linamtoka. Ukasimama ukampokea, "Karibu Maman, ukae hapa na miye." Gaspari akatoa mrija mdomoni. Yule mama akafanya desturi yote bila kukosea hatua moja. Akamimina, akaonja, akangoja kidogo watu waone yuko mzima, akanyoosha kikombe kwangu kwa mikono miwili. Akasema, "Papa Rosine, mutoto wetu anaenda. Njo hii tu nilipata."

Mutoto wetu, alisema.

Na mimi nikasema, "Mukiweke pembeni, tuko na fanta za kutosha."

Ukachukua kile kikombe mikononi mwake, ukanywa chote, hukuacha tone, ukapangusa mdomo. Ukamimina kingine ukaniletea. "Papa, nawe?" Watu wote wananiangalia. Nikasema, "Tumbo inaniuma."

Tumbo! Mwanaume mzima, mbele ya mjane niliyemzika angali hai, nikasingizia tumbo. Na wewe hukunikasirikia. Uliniangalia tu, ukakimimina kile kikombe tena ndani ya kidumu polepole usimwage, macho yako yametulia kwangu kama ya muntu anayetaka kuelewa kitu kinavyofanya kazi. Afadhali ungenitukana. Njo pale nilisukuma kiti nikainuka, na kila mtu alidhani ni kwa hasira juu yako. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka nilipoanza kuandika hapa.

Sikiliza sasa nilichofanya tangu ulipotoka.

Nimetoa bahasha iliyo nyuma ya ile karatasi ya muhuri. Ndani yake mna vipande vya ramani yako. Siku ile ulipoenda kuteka maji niliviokota vyote chini ya meza, vingine vilikuwa vimekwenda karibu na majivu. Sijui kwa nini niliviokota na sijui kwa nini sikuvichoma, usiniulize. Leo nimevigandisha kwenye gazeti kwa bugali uliobaki kwenye sherehe yako. Vimekosekana vipande viwili, nyumba mbili hazina majina, lakini mishale inaonekana. Kwenye nukta ya katikati ulikuwa umeandika "kwetu". Nimelikata neno hilo, nimeandika jina langu lote, la ubatizo na la baba. Si "kwetu". Wewe hukushika panga, wala Maman yako.

Na nimekunywa. Nilianza na kikombe kimoja, sasa kidumu kiko tupu. Lita tano kasoro kikombe, Rosine, katikati ya kuandika barua hii, mara mbili nimetoka nje kwenye mvua kwa ajili yake. Maman yako alikuja mlangoni akaniona nakunywa. Akauliza, "Tumbo yako iko aje?" Nikasema, "Inapona." Akakaa kwenye kiti hapo, akajimiminia kile cha mwisho akakinywa, na bado hajanisemesha zaidi ya hapo. Mutobe ulikuwa mtamu. Hauna sukari ndani yake, ni ndizi tu na majani ya kukandia.

Chombo cha muntu hakirudishwi kitupu, ulifundishwa hivyo na nyanya yako. Nimeisokota ramani nimeiingiza shingoni mwa kidumu, ncha imebaki nje. Mvua inapungua, jua litarudi kidogo kabla ya magharibi, na watu watatoka vibarazani. Nakwenda nacho mkononi, si ndani ya mfuko. Sitashuka kwa njia ya chini ya mtoni ambako sikutani na muntu. Nitapita juu, nyumba nane, kwa mpangilio wa mishale yako, nikianza kwa Gaspari. Kila mlango nitaitoa ramani, nitaweka kidole kwenye nukta yangu, nitasema siku, nitasema usaha, nitasema jani nililofutia, nitasema nilichotamka kikaoni. Gaspari anaweza kunipiga. Ana haki. Wengine watanicheka, na mmoja au wawili watasema walijua siku zote, na hao ndio nitakaowachukia zaidi.

Nyumba ya mwisho ni ile isiyo na mshale. Sijui nitamwambia nini. Nimejaribu kuandika hapa mara tatu nikakata. Labda atafunga mlango, na akifunga nitakiacha kidumu kizingitini. Nachukua na panga langu pia, na kiberiti. Akikubali nimsafishie shamba, nitawasha moto kwanza hapo barabarani, watu wote waone, nichome chuma mpaka kibadilike rangi ndipo niguse mgomba wake. Asipokubali, nitarudi na panga langu.

Kwa hiyo ukirudi hutanikuta, utaikuta barua hii mezani. Ukiisoma ukanifuata kwa njia ya juu tutakutana mahali fulani, na tukikutana usinisalimie kwanza mbele ya watu, niache nimalize nyumba niliyomo. Usinisaidie kusema. Uliisema mara moja, ukapigwa kofi, imetosha.

Kesho sijui kama kuna mtu kilimani atakayetupa mkono tukishuka na begi lako mpaka kwenye moto, zile pikipiki za kwenda Kamembe. Maman yako anajua, nimemsomea ukurasa huu, amesema tutabeba wenyewe. Pale kituo cha basi usiniombe nilie, sitalia. Na usiniahidi kurudi. Ulisema utarudi kama nimesema, na mimi sisemi ili urudi. Hilo ningelifanya miaka minne iliyopita kama ningekuwa na akili.

Ule mwavuli wangu mpelekee Maman Sezaria ukae kwake. Nitaufuata mwenyewe.

Baba yako,
mwenye panga.